Gunia la Nyuma Kushoto

Kazi yangu ni kunyoosha magurudumu. Miaka thelathini na moja niko hapahapa, kwenye mlango wa mji wa Ribeirão das Cabras, na kibao changu kinasema ALAIMENTI KWA ODETE, basi, hakuna maneno mengine. Wanaume wanaokuja mara ya kwanza huniuliza fundi yuko wapi. Nawaacha wakae kwenye benchi kwanza mpaka wajione wajinga, ndipo nachukua spana. Subira na watu sina, ninayo na magari. Gari halijawahi kunidanganya. Likivuta kushoto linavuta kushoto mbele ya kila mtu, bila kona kona.

Valdecir nilimsikia kabla sijamwona. Kwenye kuingia gerejini kwangu pana mwinuko wa saruji mdogo hata baiskeli haiuoni. Jumatatu ile ya Julai nikasikia chuma kinasaga, krrraa, nikajua kuna mtu amekata springi ili gari likae chini.

"Nibariki, mama," sauti ikasema. Ilibidi niiname ndipo nimwone uso dirishani.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umekaa chini, au gari limezama?"

Mimi ni mama yake wa ubatizo. Nilimshika mbele ya padri akiwa na kilo nne, akanikojolea, na toka siku hiyo sijaweza kumkatalia kitu. Sasa ana miaka ishirini na saba, anatengeneza majokofu, na mapenzi yake duniani ni mawili: Jussara, msichana anayemsaidia daktari wa meno, na hilo gari lake dogo jekundu aliloliita Pitanga kama lile tunda jekundu la uani kwetu.

Nikalipandisha Pitanga kwenye jukwaa, nikalizunguka. Yeye na binamu yake walikuwa wamekata springi zote nne kwa msumeno, uani kwao, wakiwa na bia mkononi. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamelala kwa ndani kama miguu ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Tairi zilikuwa zimelika upande wa ndani mpaka waya unachungulia. Na chini ya bampa, mpya kabisa, zinang'aa, taa mbili za duara.

"Na hizi?"

"Taa za maili hizo, mama. Zinamulika mbali."

"Washa."

Akawasha. Nikasimama mbele ya gari.

"Zinamulika kidole changu cha mguu, Valdecir. Hizi si taa za maili, ni taa za ukungu. Na umeshusha gari ukazisahau, sasa zinatafuta sisimizi."

"Hivyo ndivyo alivyosema Mzee Ermírio."

"Ermírio naye amezionea wapi?"

Akaanza kukuna kichwa. "Mama, nataka linyooke kabla ya Jumapili. Jumapili anapanda mtakatifu."

Spana ikaniponyoka.

Jumapili hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa madereva, ambapo magari yote ya mji huandamana kutoka kanisa dogo la barabara kuu mpaka kanisa kuu, na sanamu ya mtakatifu hutangulia. Kwa miaka ishirini na mbili sanamu ilisafiri kwenye lori la Mzee Ermírio, baba yake Jussara. Zamani breki zilimkatikia kwenye mteremko akiwa na tani kumi na nne za saruji, akapiga ukelele: Kristofa, ukiniokoa nitakubeba kila mwaka, na njia nzima mguu wangu hautagusa ardhi! Lori likasimama katikati ya shamba la kabichi. Ermírio akatimiza nadhiri kila mwaka bila kukosa, mpaka Machi mwaka huu, magoti yalipokataa klachi, akauza lori huku analia. Wenye malori wengine kumi na mmoja wakajitokeza, wakaanza kutukanana nani ana lori zuri zaidi, padri akachoka. Akatia kwenye kofia majina ya waumini wote wenye gari, akavuta moja. Likatoka la Valdecir.

Shida ni kwamba Ermírio alikwishakula kiapo baani, mbele ya watu, kwamba makalio yake hayatakaa maishani kwenye "ile kandambili yenye injini". Sasa alikuwa na kiapo cha baani na nadhiri ya mtakatifu, na vyote viwili haviwezi kukaa kwenye kiti kimoja.

"Amesema atapanda," Valdecir akanieleza. "Ila tumbo la gari likigusa ardhi mara moja tu, hata kwa kukwaruza, siku ya harusi yeye haonekani. Likienda limenyooka na likafika bila kugusa, atamshika Jussara mkono mpaka altareni."

"Na Jussara anasemaje?"

"Anasema bila baba yake haingii kanisani na mtu."

"Kwa hiyo ukikwaruza huna mke."

"Sina, mama."

"Basi linyanyue hilo gari, mtoto wewe!"

"Springi mpya nimeagiza, zinachukua wiki mbili. Na nikilinyanyua atasema nimesalimu amri hata kabla ya kuanza." Akashusha sauti. "Jana nilimwambia 'Nibariki, baba.' Unajua alinijibu nini? Kwamba mvua hainyeshi mpaka Septemba."

Hilo liliniuma kuliko habari ya springi. Kwetu mdogo akisema nibariki, mkubwa hujibu Mungu akubariki, hata kama wamegombana, hata kama ana chakula mdomoni. Kumnyima mtu jibu hilo ni kumwacha amenyoosha mkono hewani. Na Valdecir alikuwa amenyoosha mkono mwaka mmoja na nusu. Mzee alimjibu kwa hali ya hewa tu. Leo baridi. Kesho jua. Upepo huo unatoka kusini. Maana kumjibu vizuri mchumba wa binti yako ni kumwita mwanangu, na Ermírio hakutaka mwana mwenye gari lisilo na miguu.

"Mwambie aje Alhamisi," nikasema. "Nataka uzito wake."

Gari la chini halinyooshwi likiwa tupu. La kawaida, watu wakipanda, linashuka kidogo na haidhuru. Lililokatwa springi likishuka kidogo tu, magurudumu yanageuza mawazo yote. Kwa hiyo mimi hulinyoosha likiwa na mzigo uleule litakaoubeba. Mafundi wengine hunicheka kwa hilo, kisha wateja wao huja kwangu. Nikaazima magunia ya kahawa kwenye ushirika, kila moja kilo sitini, na mfuko wa maharage wa kujazia. Gunia moja likawa mtakatifu, maana msimamizi wa sanamu alisema ana kilo sitini kamili. Nikalikalisha kiti cha mbele, nikalifunga mkanda.

Alhamisi Ermírio akaja na mkewe, Zulmira. Akalitazama Pitanga akiwa mbali, mikono mgongoni.

"Nibariki, baba," Valdecir akasema kutoka nyuma ya usukani.

"Mchana umekuwa wa joto," Ermírio akajibu.

"Uzito wako, Ermírio," nikamkatiza, kwa sababu ningeanza kumtukana. "Utakaa nyuma ya mtakatifu, umshike. Una kilo ngapi?"

"Themanini."

Zulmira akakohoa.

"Themanini za mwaka gani?"

"Odete, themanini ni themanini."

"Mia na mbili," Zulmira akasema, akiitazama kalenda yangu ukutani. "Na hapo ilikuwa kabla ya kifungua kinywa."

"Zulmira!"

"Daktari ndiye aliyeandika. Tena kwa kalamu nyekundu."

Nilicheka mpaka nikashikilia mashine. Mwanamume mzima, ameshuka milima yote ya nchi hii na tani kumi na nne mgongoni, anaogopa kilo ishirini na mbili za tumbo lake mwenyewe! Nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya mkewe. Nikamwambia mashine haina adabu wala haina urafiki, ukiidanganya kilo moja inakuumbua barabarani. Nilisema mengi, na nayakumbuka yote, kwa sababu ya yaliyonipata baadaye.

Tukamweka Ermírio wa magunia. Upande wa kulia ukalala: mtakatifu mbele, mzee nyuma. Kushoto, ambako kwetu ndiko kuna usukani, alikuwepo Valdecir peke yake, kilo sabini.

"Anahitajika mtu wa nyuma kushoto," nikasema. "Nitakaa mimi."

"Nikuwekee ngapi, mama?"

Wote watatu wakanigeukia.

"Sitini na tano," nikasema.

Hakuna aliyekohoa, maana mimi ni mjane.

Valdecir akapandisha gunia moja na kilo tano za maharage, nami nikafanya kazi. Nikayasimamisha magurudumu yaliyolala, nikayaelekeza mbele, nikanyoosha usukani. Nikachora mstari wa chaki ukutani nikaziinua zile taa za ukungu mpaka zimulike kando zote mbili za njia, siyo miguu ya watu. Mwisho nikaingiza mkono chini ya tumbo la gari: vidole vitano. Ijumaa tukatembea njia nzima, mimi na Valdecir, tukipima matuta kwa mkono wangu huohuo. Yalikuwa saba, na refu kuliko yote lilikuwa vidole vinne.

"Kidole kizima kinabaki, mama!"

"Kizima," nikasema. Moyo wangu ukaniambia kitu, nikauambia unyamaze.

Jumapili asubuhi mji haukuonekana. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukakaa. Tulilisogeza Pitanga mpaka kwenye ngazi ya kanisa dogo, ili Mzee Ermírio atoke ngazini aingie garini bila kugusa ardhi. Kwenye lori alikuwa akipanda hatua tatu. Hapa alishuka. Akaingia kwa makalio kwanza, akilalamika kwa kila kiungo, akamkumbatia mtakatifu kiunoni kwa nyuma.

"Nibariki, baba."

"Ukungu mzito leo."

Nami nikaingia upande wangu. Springi ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayeketi baada ya safari. Nikajifanya sikuisikia.

Jussara alitembea kwa miguu kando ya gari. Yeye ndiye aliyekubaliwa na pande zote awe refa: kwenye kila tuta ainame, atazame chini, aseme kweli. Tulimwamini. Msichana anayewaambia watu wazima kila siku kwamba meno yao yameoza hawezi kusema uongo kwa ajili ya bampa.

Padri alitangulia kwa pikapu yake iliyonyanyuliwa, yenye taa kali kule juu. Hakufika mita hamsini. Mwanga wake ulipiga ukungu ukamrudia usoni, mbele yake pakawa peupe kama ukuta uliopakwa chokaa, akasimama akapiga honi. Nyuma yetu malori nayo yaliwasha taa zao kubwa, yakapofuka vilevile.

"Valdecir," nikasema, "washa hizo za sisimizi."

Akawasha. Mwanga ukapita chini, karibu na lami, mahali ambapo ukungu ulikuwa mwepesi, na mstari mweupe wa kando ya barabara ukajitokeza, kisha nyasi, kisha mbwa aliyekuwa amekaa njiani. Padri akatupisha. Pitanga likatangulia, na mji mzima, malori na mapikapu na trekta mbili, ukafuata kigari kilichowafika magotini.

"Hm," akasema Mzee Ermírio.

Valdecir alinitazama kwenye kioo, macho yamemtoka. Hm hiyo ilikuwa ya kwanza isiyohusu hali ya hewa.

Tulipofika kwenye sehemu iliyonyooka, karibu na makaburi, mzee akagonga kiti. "Achia usukani."

Valdecir akaachia. Gari likaenda. Likaenda vizuri, kisha, taratibu, kama mtu anayesogea kusikiliza umbea, likaanza kuelekea kushoto.

"Linavuta kushoto," Ermírio akasema.

"Ni upepo," nikasema mimi.

"Upepo gani kwenye ukungu, Odete? Ungekuwepo upepo, ukungu ungekuwepo?"

Nikageukia dirisha. Shingo yangu ikapata moto. Nilikuwa najua vizuri kabisa kinachovuta kushoto. Kilikuwa kimevaa gauni langu la buluu.

"Kidogo mno, baba," Valdecir akasema, na jasho lilikuwa likimtoka kwenye baridi ile.

"Kidogo nakusamehe kwa ajili ya taa. Tutaona matuta."

La kwanza tukalipita. La pili, la tatu. Valdecir aliyaingia kwa mshazari, gurudumu moja moja, kwa upole wa mtu anayebeba trei ya mayai. Jussara aliinama kila mara, akasema "Safi!" na watu nyuma wakapiga honi. La saba ndilo lile la vidole vinne. Tukapita. Jussara akainama, akakawia kuinuka.

"Halijagusa," akasema. "Ila limebakiza unene wa karatasi."

"Unene wa karatasi?" Valdecir akanong'ona. "Mama, si tulisema kidole kizima?"

Niliona aibu, nawaambia kweli, na zaidi ya aibu niliogopa. Kidole kile nilikuwa nimekila mimi. Nilitaka kusema, nikajipa moyo kwamba la saba ndilo la mwisho na hakuna haja ya kumtibua dereva. Nikakaza tumbo, kana kwamba tumbo likikazwa linapungua uzito.

Ukungu ulikuwa unaanza kuachia tulipoingia barabara ya kanisa kuu. Umati ulikuwa umejipanga kando zote mbili, bendi iko ngazini. Na katikati ya njia, mita ishirini kutoka mlangoni, palikuwa na tuta la nane.

Halikuwepo Ijumaa. Manispaa walilijenga Jumamosi mchana ili magari yasiende mbio siku ya sikukuu, wakalipaka rangi ya njano, na rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Pikipiki zimeegeshwa kulia, watoto wamekaa kushoto, pa kupita kwa mshazari hapakuwepo. Valdecir akasimamisha gari. Nilifungua mlango nikanyoosha mkono. Kwenye gari lile unafikia ardhi ukiwa umekaa. Vidole sita.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya alipokuwa na miaka mitano. "Hili halikuwepo."

Wenye magari ya chini wana desturi yao: kwenye tuta abiria hushuka, huvuka kwa miguu, hupanda upande wa pili. Hakuna anayeona ajabu, hata bibi harusi hushuka na shela lake. Valdecir akageuka.

"Baba, tafadhali. Hatua tatu tu."

"Mguu wangu haugusi ardhi."

"Hatua mbili, baba. Nitakutandikia koti langu."

"Miaka ishirini na mbili, kijana! Sikushuka hata mwaka ule nilioendesha nikiwa na tumbo la kuhara!" Akamkaza mtakatifu kiunoni. Kwa hilo sikumlaumu. Nadhiri ni nadhiri.

"Nitashuka mimi," nikasema.

Nikashuka. Na nyuma yangu Pitanga likanyanyuka. Halikunyanyuka kwa siri. Lilipumua, likapanda upande wote wa kushoto, mpaka mtakatifu akainamisha kichwa kulia. Bendi ikanyamaza. Jussara alikuwa amepiga magoti, vidole vyake chini ya gari, na msichana yule ana sauti ya kuita wagonjwa kutoka barazani.

"Limepanda kidole kizima na zaidi!" akatangaza.

Valdecir alilitazama gari, akanitazama mimi. "Mama, lile gunia..."

Kichwa cha Ermírio kikatoka dirishani taratibu. Alikuwa na tabasamu ambalo sijaliona tena kwa mtu yeyote.

"Sitini na tano, Odete?"

Parokia nzima ilikuwa inasikiliza. Padri alikuwa ameshuka kwenye pikapu. Ningeweza kusema springi zimechoka. Lakini nilimwona Valdecir ameshika usukani kwa mikono miwili, na mzee akiamini gari la mwanangu ndilo lililovuta, na nikashindwa.

"Themanini na nane!" nikapaza sauti. "Mmeridhika? Themanini na nane, na asubuhi nimekula mikate minne ya jibini! Lililovuta kushoto ni mimi, Ermírio. Gari limenyooka. Mtoto hana kosa, kosa ni langu, nilidanganya mashine."

Walicheka. Walicheka mpaka mpiga tarumbeta akakaa chini. Ermírio alicheka akipiga mlango kwa kiganja, na Zulmira, aliyekuwa ngazini na wanawake wengine, akafunika uso kwa shali. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nalitazama tuta. Hata bila mimi halikupitika, maana upande wa kulia, wa mtakatifu na mzee, ulibaki chini. Valdecir akashuka naye, gari likapanda kidogo, vidole sita kasoro ukucha. Na ndani kulikuwa na kilo mia na mbili zilizofungwa na nadhiri.

Hasira ikanipanda, na hasira ndiyo inayonipa akili.

"Nyie!" nikawageukia wale wenye malori kumi na mmoja, waliosimama pamoja wakifurahia. "Mlikuwa mnagombania kumbeba mtakatifu, sivyo? Haya, mbebeni! Kabla ya malori huyu alikwenda kwa usafiri gani? Kwa mabega ya watu! Njooni hapa, mikono chini ya kingo. Msishike bampa! Na atakayeshika taa za ukungu nitamnyoosha yeye!"

Walitazamana. Kisha yule mkubwa wao akavua kofia, akaja. Wakaja wote, na mpiga ngoma, na waoka mikate wawili, na msimamizi wa sanamu. Valdecir akachukua nafasi karibu na mlango wa nyuma kulia, uso wake sawa na dirisha la mzee.

"Moja," nikahesabu, "mbili..."

Pitanga likaacha ardhi.

"Mnafanya nini?" Ermírio akapiga kelele. "Wekeni chini! Hapana! Msiweke chini! Odete!"

Likaenda hewani, polepole, juu ya rangi ya njano, kama machela ya mtakatifu wa zamani, mzee ndani yake amekumbatia sanamu kwa mikono yote. Watu waliacha kucheka. Baadhi walivua kofia bila kuambiwa. Valdecir mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama, shavu lake limegusa fremu ya dirisha, na pua ya mzee iko kiganja kimoja tu kutoka kwake. Sijui kama ni mazoea au ni uzito, lakini nilimsikia akisema kwa pumzi iliyobaki:

"Nibariki, baba."

Ermírio alimtazama. Alifungua mdomo.

"Ukungu..." akaanza.

Mpiga ngoma akateleza. Gari likayumba upande wake, rangi ya njano ikakaribia tumbo lake, umati mzima ukasema "Aaa!" na Valdecir akapiga goti, akaupokea uzito wote ule begani, hakuachia.

"Mungu akubariki, mwanangu!" Mzee Ermírio akalia kwa sauti iliyofika mnarani. "Mungu akubariki, Mungu akubariki, shika hapohapo!"

Walilishusha upande wa pili, taratibu, magurudumu manne kwa pamoja. Jussara akapitisha mkono juu ya tuta, akalichunguza tumbo la gari mwisho hadi mwisho. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka.

"Halijagusa," akasema.

"Tulipatana lipite," Ermírio akanung'unika, "hatukupatana libebwe."

"Ermírio," Zulmira akamwita kutoka ngazini. "Umeshasema. Tumesikia wote."

 Mzee akatoa leso akaanza kumpangusa mtakatifu uso, ingawa uso uliokuwa umelowa ulikuwa wake mwenyewe. Bendi ikaanza kupiga. Mimi nikaenda zangu kukaa ngazini, na mwanamke mmoja akanipisha nafasi pana mno, nikamtazama vibaya.

Kesho yake nilipofungua gereji, Ermírio alikuwa amekwishakaa kwenye benchi.

"Harusi ni Septemba," akasema. "Nitakaa nyuma na Jussara. Valdecir haruhusiwi kuendesha siku yake mwenyewe, kwa hiyo wamesema utaendesha wewe. Nataka linyooshwe mapema. Na zile springi mpya mwambie azirudishe. Nimeshazoea kushuka badala ya kupanda."

Alikuwa amekuja na magunia yake mwenyewe, matatu, kwenye toroli. Akachukua chaki yangu, akaandika kwenye la kwanza kwa tarakimu kubwa: 104.

"Mbili ni za suti," akaeleza. "La Jussara nimeandikiwa na mama yake." Akalisogeza la tatu, akashika chaki tayari. "Dereva?"

Nilitazama nje. Barabara ilikuwa tupu.

"Themanini na nane," nikasema.

Ermírio akakohoa.

"Haya," nikasema. "Andika tisini na moja."